Meno Yasipokutana
Mhadhara kwa umma juu ya upasuaji wa kurekebisha mataya



Kabla sijasema jambo, naomba kila mmoja afumbe mdomo, aume meno ya nyuma taratibu, kisha atulie hapo. Kwa wengi wenu meno ya juu ya mbele yametangulia kidogo na kuyafunika ya chini, kama kifuniko kinavyolifunika kopo, na huko nyuma vilele vya gego moja vimeingia katika mabonde ya mwenzake. Huko ndiko kuumana. Wachache humu ukumbini watakuta meno ya chini yamepita mbele ya yale ya juu. Mwingine atakuta magego yamegusana barabara lakini mbele pamebaki uwazi, ncha ya ulimi inapita. Mwingine kidevu kimekwenda upande. Kama ni wewe, usishtuke. Mhadhara huu nimeuandaa nikikufikiria, na huenda nikaumaliza kwa kukwambia kwamba huna la kufanyiwa.

Niwaeleze habari za fundi cherehani mmoja, msichana wa miaka 24. Nilimuuliza kama tunavyouliza siku zote, tatizo ni nini, akanijibu neno ambalo sijalisoma katika kitabu chochote: "Daktari, siwezi kukata uzi." Nilidhani nimesikia vibaya. Akafungua mkoba, akatoa kibunda cha uzi mweusi, akauweka uzi kati ya meno ya mbele, akauma, akavuta. Uzi ukatoka mzima, umelowa mate. Akarudia. Mafundi wenzake wote hukata kwa meno huku mikono ikishika kitambaa. Yeye kila mara ilimbidi aache kazi atafute mkasi. Kisha mengine yakafuata. Chapati huimega kwa vidole ndipo aitie mdomoni. Sambusa hali mbele ya watu, kwa sababu akiuma, nyama huburuzika ikaanguka kifuani. Mahindi ya kuchoma huyapukusa kwa kidole gumba. Nilipopima, meno yake ya mbele yalikuwa yameachana milimita 6, na taya la chini limelitangulia la juu.

Msichana huyu alikwishazunguka sana. Mahali pamoja aliambiwa meno yake ni mazuri na hayana tundu hata moja, arudi nyumbani. Hawakumdanganya. Yalikuwa mazuri, yamekaa kwenye mfupa uliokosea njia.

Hapo ndipo penye fundo la mambo. Jino lililopinda hunyooshwa kwa waya za meno, kwa sababu jino husogea ndani ya mfupa. Taya lenyewe likiwa refu mno, fupi mno, au limekaa upande, hakuna waya itakayolisogeza kwa mtu mzima. Na meno yana tabia moja inayowapoteza hata waganga wa meno: ni majirani wema. Yakiona mfupa umekosea, huinama kuufichia aibu. Taya la chini likitangulia, meno yake hulala ndani kuelekea ulimi, na yale ya juu huegemea nje, kila upande ukimtafuta mwenzake. Ukiangalia haraka unaona kasoro ndogo. Ukiyasimamisha wima kila moja mahali pake, kasoro yenyewe hujitokeza, na ni kubwa kuliko ulivyodhani.

Ndiyo maana matibabu haya huanza kwa jambo linalowaudhi wagonjwa wengi. Kabla ya kisu, daktari wa kupanga meno hufunga waya kwa miezi 12 hadi 18 hivi, na katika miezi hiyo mgonjwa huzidi kuonekana vibaya, kwa mikono yetu wenyewe. Tunayanyoosha meno kwa mujibu wa mfupa yaliomo, na pengo linapanuka. Nimewahi kumwona mama akimpeleka binti yake kwa daktari mwingine kumshtaki wa kwanza kwamba amemharibu mtoto. Daktari yule wa kwanza hakuharibu. Kosa lake, na ni kosa kubwa, ni kwamba hakueleza mapema.

Kazi hii ina historia yake, na nitaipitia kwa sababu kila hatua ilijibu swali ambalo mgonjwa bado huuliza. Mwaka 1849 daktari Simon Hullihen wa mji wa Wheeling, Virginia ya wakati ule, aliandika habari za mwanamke kijana aliyeungua shingo na kifua utotoni. Kovu lilikuwa limemvuta mdomo na taya la chini miaka yote ya kukua kwake, hata sehemu ya mbele ya taya ikarefuka na kuinamia nje. Hullihen alikata kipande cha mfupa, akakirudisha nyuma. Sisi tunaofanya kazi katika nchi za jiko la mafiga tunaielewa habari hiyo haraka, maana mtoto aliyetumbukia motoni ni mgonjwa wetu wa kila mwaka. Mfupa unaokua hufuata kinachouvuta. Kovu la shingo likiachwa bila kufunguliwa, miaka kumi baadaye linakuwa tatizo la taya.

Mwaka 1901 Mfaransa René Le Fort, akifanya kazi Lille, alivipiga vichwa vya maiti kisha akavichunguza mifupa ilivunjikia wapi. Aliona kwamba uso hauvunjiki ovyo; una mistari yake mitatu ya udhaifu. Mstari wa chini kabisa hukata juu ya mizizi ya meno ya juu, chini ya pua. Mstari huo wa ajali ndio tunaoufuata leo kwa makusudi tukitaka kulisogeza taya la juu, na bado tunauita kwa jina lake.

Swali gumu lilibaki moja. Ukishalikata taya la juu likalegea lote na meno yake yote, damu italifikiaje? Kwa nini lisife? Madaktari waliliogopa jambo hilo kwa muda mrefu, na hofu yao ilikuwa na maana. William Bell wa Texas alilijibu kwa majaribio ya tumbili, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970: maadamu nyama ya kaakaa na ya mashavuni imebaki imeshikamana na mfupa, damu inapita humo, na mfupa unaishi. Nimelishika taya la juu la binadamu likiwa limelegea vidoleni mwangu, mwenyewe amelala kwa nusukaputi. Fizi zake zilikuwa bado na wekundu wa mtu mzima wa afya. Sijazoea kuiona rangi ile hadi leo, na natumaini sitaizoea.

Taya la chini lilipata mtu wake katika Hugo Obwegeser, Mwaustria aliyejenga jina lake Zurich. Yeye na mwalimu wake Richard Trauner waliieleza njia yao kwa Kiingereza mwaka 1957. Kabla yao wengi walikata taya bapa, kama anayekata muwa, na vipande viwili vya mfupa vikaachwa vikitazamana kwa ncha nyembamba. Mwulizeni seremala yeyote jinsi anavyounga mbao mbili ndefu. Hazikati bapa. Huzikata mshazari ili zilaliane, ziguse mahali papana. Obwegeser alifanya vivyo hivyo nyuma ya magego: aliupasua mfupa kwa unene wake, ukuta wa nje ukaachana na ukuta wa ndani, hivyo taya likiteleza mbele au nyuma bado mfupa umelalia mfupa, na unaunga. Na yote aliyafanya kupitia kinywani, bila kugusa ngozi. Mwaka 1966 alialikwa Washington akawahadhiri madaktari wa Marekani katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, na tangu hapo kazi hii ikaenea kwao kwa kasi. Kufika mwaka 1970 alikwisha kuandika juu ya kuyasogeza mataya yote mawili kwa siku moja.

Sasa ni nani anayehitaji? Nitasema kwa jinsi wanavyoingia mlangoni kwangu.

Kwanza ni wale walio kama fundi wangu, ambao chakula kimekuwa kazi. Hawa ni wepesi kuwatambua mkiwauliza wanakula nini na wanakula wapi. Mtu anayekula peke yake kwa aibu ana neno la kumwambia daktari.

Pili ni wale ambao taya dogo linawaiba usingizi. Misuli ya ulimi imeshikizwa nyuma ya kidevu. Kidevu kikiwa nyuma, ulimi nao uko nyuma, na mtu akilala chali akalegea, unaziba njia ya hewa. Mnamsikia anakoroma, kisha kimya, kisha anashtuka kama aliyetolewa majini. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, na mchana anasinzia, hata akiwa ameshika usukani. Si kila anayekoroma ana taya fupi. Wengi ni uzito wa mwili, na wengi husaidiwa na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku. Lakini kwa baadhi, kuyaleta mataya yote mawili mbele kwa kiasi cha milimita 10 hufungua koo, kwa sababu ulimi na kilimi huvutwa pamoja na mfupa.

Tatu ni hawa ninaowaombea zaidi, watoto waliofungamana kiungo cha taya. Naomba tena mnifanyie jambo. Fungueni midomo, kila mtu asimamishe vidole vyake vitatu pamoja, cha shahada, cha kati na cha pete, aviingize wima kati ya meno ya mbele. Vinaingia? Kwa wengi wenu vinaingia, au karibu. Nimempokea mtoto wa miaka 9 ambaye kati ya meno yake ulipita mpini wa kijiko tu. Miaka mitatu nyuma alianguka kwenye mwembe, kidevu kikapiga chini. Jeraha la kidevu lilishonwa, likapona, na hakuna aliyetazama mbele ya masikio, ambako vichwa viwili vya taya vilikuwa vimevunjika. Damu iliyovuja katika kiungo ikageuka mfupa, taya likashikamana na fuvu. Alikuwa akiishi kwa uji anaounyonya kwenye pengo la jino lililong'oka. Kidevu hakikukua tena, na usiku alilala amekaa, ameegemea ukuta, kwa kuwa akilala chali pumzi ilikatika. Usaha wa sikio usiotibiwa nao unaweza kuleta kufungamana kama huko.

Mtoto wa namna hii hata kumlaza kwa nusukaputi ni mtihani, kwa sababu daktari wa usingizi hana pa kupitisha mpira wa hewa. Mara nyingi huupitisha puani akifuata kamera nyembamba, mgonjwa akiwa bado anapumua mwenyewe. Kwanza kiungo hufunguliwa, na mazoezi ya kupanua mdomo hufuata kila siku kwa miezi, mazoezi yanayouma, ambayo mama ndiye hasa huyabeba. Taya lililobaki dogo linaweza kurefushwa kwa njia aliyoianzisha Gavriil Ilizarov katika mifupa ya miguu huko Kurgan, Siberia, na ambayo Joseph McCarthy wa New York aliandika mwaka 1992 kuwa ameitumia kwa taya la chini la watoto: unakata mfupa, unaacha siku chache, kisha unauvuta milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya unajijenga katika pengo.

Wazazi, lichukueni hili muondoke nalo. Mtoto akianguka na kupiga kidevu, msiridhike na nyuzi za kidevuni. Mwambieni afungue mdomo, leo, kesho, na wiki ijayo. Ukipungua au ukienda upande, mpelekeni kwa daktari wa kinywa, na msimfunge taya kwa kitambaa ili "litulie". Kiungo cha mtoto kilichovunjika mara nyingi huokolewa kwa kutembezwa.

Nne ni waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, waliofanyiwa upasuaji wakiwa wachanga, kisha utu uzima ukawakuta na uso uliobonyea katikati. Hapa nitasema kweli: sisi madaktari tumo katika sababu. Kovu la kaakaa tulilolifunga hulizuia taya la juu kukua kwenda mbele. Ilibidi tulifunge, maana bila hivyo mtoto asingesema maneno yakaeleweka. Ila deni linabaki, na kwa baadhi yao hulipwa wakiwa watu wazima kwa kulileta taya la juu mbele. Nao waonywe kwamba sauti inaweza kuzidi kupita puani baada ya hapo.

Wapo pia ambao upande mmoja wa taya unaendelea kukua mwingine ukiwa umekoma, uso ukapinda mwaka hadi mwaka. Hao husubiri hadi tuhakikishe ukuaji umesimama, au kichwa cha taya kinachokua kishughulikiwe kwanza. Na aliyevimba taya, uvimbe unaoongezeka, asijihesabu katika mhadhara huu kabisa. Huyo huenda ana uvimbe ndani ya mfupa, na njia yake ni nyingine na ya haraka.

Nimesema kwa kirefu juu ya wanaohitaji. Wasiohitaji wananisumbua zaidi, kwa sababu ni wengi na wanaongezeka tangu simu zianze kupiga picha za uso.

Mwaka 1931 wataalamu wawili wa meno, Broadbent huko Cleveland na Hofrath huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walieleza njia ya kupiga eksirei ya kichwa kwa umbali na mkao usiobadilika, ili mifupa iweze kupimwa kwa mistari na nyuzi. Ni kazi kubwa, na hadi leo hatupangi upasuaji bila kupima kichwa, sasa tukiongeza picha za CT na kompyuta. Lakini majedwali ya mwanzo yaliyoenea duniani yakiitwa uso wa kawaida yalitokana hasa na nyuso za Wamarekani weupe. Mchukue kijana wa Lindi au wa Kisumu, mwenye afya, anayeuma vizuri, anayelala vizuri, umweke juu ya jedwali lile. Litasema mataya yake yote yametokeza na midomo yake imejaa mno. Jedwali limekosea mtu. Midomo iliyojaa ni uso wa bibi yake na wa mama yake, nami nimewakatalia vijana walioniletea picha ya mtu wa mbali wakitaka niwachonge wafanane naye. Vivyo hivyo mwanya wa meno ya juu, ambao pwani umesifiwa tangu zamani. Usimpeleke binti yako kwa daktari wa taya kwa ajili ya mwanya.

Simaanishi kwamba sura haina haki yake. Kijana aliyetaniwa tangu darasa la pili kwa kidevu kilichochongoka anaumia kweli, na tunapomrekebisha kuuma tunamrekebisha na uso pia. Ninachokataa ni kioo kuwa daktari peke yake. Anayetarajia taya jipya limrudishie mchumba, huyo hukaa nami tukazungumza mara kadhaa, na mara nyingi hatufiki kwenye kisu.

Ambaye hajakoma kukua naye asubiri. Kwa wasichana wengi mataya hutulia kati ya miaka 15 na 17, kwa wavulana hadi 18, na wengine hufika 21. Taya la chini lililotangulia likirudishwa mapema, linaweza kukua tena na kuiharibu kazi yetu.

Siku ya upasuaji yenyewe, kazi huchukua muda wa saa 2 hadi 5, kadiri ya ukubwa wake. Mikato iko ndani ya mdomo. Mfupa hupelekwa mahali palipopangwa, meno yakiuma kipande cha plastiki kilichotengenezwa kwa vipimo vyake, kisha hushikizwa kwa vibamba vya titani na skrubu ndogo ndogo, ambazo kwa kawaida hubaki humo maisha. Zamani taya lilifungwa kwa waya wiki 6 nzima, na koleo la kukatia likaning'inizwa kitandani endapo mgonjwa angetapika. Pasipo na vibamba bado hufanyika hivyo. Siku ya pili na ya tatu uvimbe ndio hufika kilele, na ningeomba ndugu wasimpe mgonjwa kioo wala wasimpige picha. Chakula kwa wiki 6 ni cha kunywa, kisha laini: uji wa ulezi, mtori uliosagwa na kuchujwa, supu, maziwa, parachichi. Kilo kadhaa hupungua. Baada ya hapo waya za meno huendelea kwa miezi tena.

Na hatari zipo. Kutoka damu, usaha, mfupa kupasuka pasipokusudiwa, taya kurudi kidogo kule lilikotoka. Iliyo karibu zaidi na kila mgonjwa ni ganzi. Neva inayoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa ule ule tunaoupasua. Wengi huamka hawausikii mdomo wa chini. Kwa wengi hisia hurudi katika wiki na miezi, hadi mwaka. Kwa baadhi sehemu haitarudi. Ukienda kwa daktari akakueleza uzuri wote bila kulitaja hili, toka ukatafute mwingine.

Fundi wangu tulimsogeza mataya yote mawili. Alikuja tena baada ya mwaka na miezi miwili, kibunda cha uzi kikiwa mkononi hata kabla hajakaa. Aliukata mara tatu, mbele ya wauguzi, vipande vikadondoka mezani. Kisha akatoa leso akajifuta pembe ya kushoto ya mdomo, ingawa hapakuwa na kitu. Akaniambia hapo bado hapasikii. Akinywa uji hajui kama umemwagika, kwa hiyo amejizoeza kufuta. Nilimuuliza kama angekataa iwapo angejua mapema kwamba itakuwa hivyo. Akasema, "Si uliniambia, daktari? Ulinichorea na neva yenyewe kwenye karatasi. Karatasi ninayo nyumbani."

Nitajibu maswali, na aliyeona vidole vitatu haviingii anifuate hapa mbele kabla hajaondoka.